Ukija Iringa kwa Mahafali, Bakiza Siku Mbili

Kila mwaka mvua za kwanza zikikaribia, na mijakaranda ya Gangilonga imeshamwaga maua yake barabarani, simu yangu huanza kuita. Mjomba wa rafiki yangu. Dada wa mtu niliyesoma naye. Mzazi wa kijana niliyemfundisha kidato cha nne miaka mitano iliyopita. "Mwalimu, tunakuja Iringa kwenye mahafali ya mtoto, tufikie wapi?" Nawaelekeza nyumba za wageni, nawasisitiza wawahi kushika vyumba kwa sababu wiki hiyo hujaa hadi Ipogolo, halafu nauliza: mnaondoka lini? Jibu halibadiliki. Ijumaa usiku wanafika, Jumamosi ni joho, picha na pilau, Jumapili alfajiri wako ndani ya basi. Mji wameuona kupitia dirishani.

Mwaka huu nimeamua kuyaandika haya mara moja, ili anayepiga simu nimtumie asome. Nakuomba siku mbili. Moja ni ya mji wenyewe na Kalenga, na Mlambalasi ukiianza mapema. Ya pili ni ya Lugalo, ukiwa njiani kurudi. Nitaeleza kwa nini.

Kama unatokea Dar es Salaam, safari ni ya karibu kilometa 500, na nusu yake ya mwisho usiilale. Ukishaivuka Mikumi utashuka kwenye bonde la Ruaha Mbuyuni, joto, mibuyu pande zote, vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye nyavu nyekundu. Halafu basi linaanza kupanda Kitonga. Malori yanakwea kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona baada ya kona, na mtu wa pwani atahisi masikio yanaziba. Ukitokea juu, hewa imeshabadilika. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata Novemba mchana ukiwa wa jua, jioni utatafuta sweta. Ukija Juni au Julai lete koti la maana, au ulinunue kwenye mitumba ya Mlandege. Stendi ya mabasi ya mikoani siku hizi iko Igumbilo, chini, nje ya mji. Mji wenyewe uko juu ya kilima na mto Ruaha Mdogo unapita chini yake, basi utachukua bajaji au daladala ukwee tena.

Mimi si mwenyeji wa asili. Kwetu ni Pangani. Nilikuja hapa kusoma ualimu wa historia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kile ambacho hadi mwaka 2005 kilikuwa Shule ya Sekondari Mkwawa kabla hakijawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 2005 ndipo Kanisa Katoliki lilipoanzisha chuo chao cha Ruaha, na Walutheri walikuwa wametangulia tangu miaka ya 1990 na chuo ambacho sasa kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa. Vyuo vitatu kwa mji wa ukubwa huu ni vingi. Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likitoka, wauza chipsi wa Kihesa wanajua kabla ya wanafunzi wenyewe. Nyumba ambazo zamani zilikuwa za familia moja sasa zimegawanywa magheto, na jioni barabara ya kwenda Kihesa imejaa vijana wenye madaftari na mifuko ya nyanya, kila mmoja na lafudhi ya kwao: Kagera, Mtwara, Kigoma, Unguja. Napenda sana saa hiyo ya jioni.

Lakini lipo jambo lililoniuma nikiwa mwanafunzi, na linaniuma zaidi nikiwa mwalimu. Jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilikuwa kwenye kitambulisho changu, kwenye fulana yangu ya michezo, kwenye bahasha ya barua ya kujiunga na chuo. Nilifanya mitihani miwili iliyomtaja. Na miaka miwili na nusu ikapita sijakanyaga Kalenga, ambako fuvu lake liko, mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka gheto langu. Wenzangu wengi walimaliza wakaondoka bila kufika.

Aliyenitoa ni baba yangu.

Baba ni fundi wa mashua. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini mambo ya Agosti 1888 anayo kichwani kama mambo ya jana, kwa sababu babu yake alimsimulia na yeye alitusimulia sisi. Ule mwaka kampuni ya Kijerumani ilichukua utawala wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Pangani aliletwa ofisa wao, akataka bendera ya Sultani ishuke, akaleta askari wa manowari, wakaingia msikitini na mbwa, siku za Idi ya kuchinja. Hapo ndipo Pangani ilipowaka, na Abushiri bin Salim akapata watu wa kumfuata. Yule ofisa na wenzake walifungiwa ndani ya nyumba, wakaja kuokolewa na askari wa Sultani. Abushiri mwenyewe alikamatwa baadaye, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa baba, yule Mjerumani hakuwa na jina. Alikuwa "yule wa mbwa", na kisa chake kiliishia pale alipopandishwa chombo akaondoka.

Nikiwa mwaka wa tatu, maktaba, nasoma habari za vita ya Lugalo, nikakutana na jina la kamanda wa Kijerumani aliyekufa pale: Emil von Zelewski. Nikarudi kwenye daftari langu la muhula uliotangulia, kwenye mada ya vita ya Abushiri. Ofisa wa kampuni pale Pangani: Emil von Zelewski. Nikasimama. Niliufunga ule ukurasa kwa kidole nikatoka nje kupiga simu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia Wahehe walimwita Nyundo, kwamba alikuja huku na kikosi chake kumshika Mkwawa, na kwamba tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walimvizia njiani, wakammaliza. Kimya. Kisha akauliza: "Agosti?" Agosti, baba. "Miaka mitatu kamili." Akahesabu kwa sauti. Halafu: "Na wewe uko hukohuko alikofia?" Nikamwambia ndiyo, si mbali. "Umefika?" Sikuwa na la kumjibu.

Siku nilipompa tarehe ya mahafali, wengine walikuwa wanauliza habari za suti na sherehe. Yeye aliuliza kama pale alipofia yule wa mbwa ni mbali na chuo.

Kwa hiyo alikuja, na alibakiza siku mbili. Nitakupitisha alikopita yeye, kwa sababu mpangilio ule ulikuwa mzuri kuliko wote niliojaribu tangu hapo.

Tulianza na jiwe la Gangilonga, Jumamosi jioni baada ya sherehe, yeye bado na kanzu yake nyeupe na koti la mitumba juu. Ni mwamba mkubwa ulio kwenye kilima nyuma ya nyumba za wakubwa wa serikali, na jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Wenyeji husimulia kuwa Mkwawa alikuja hapa kutafakari na kupata habari za adui. Kupanda si kazi, dakika kumi kwa mtu mzima mwenye magoti mazuri, ishirini kwa baba. Nenda na mtu anayeujua mji, na usisubiri giza likukute juu. Kutoka pale mji wote unauona: mabati na vigae, minara ya makanisa, mnara wa saa wa jamatkhana ya Waismailia kule kwenye mitaa ya maduka ya Wahindi, bonde la mto, na milima ikifuatana mpaka inapopotea kwenye ukungu. Ndipo unapoelewa kwa nini kila aliyetaka kutawala nchi hii alitaka kukaa juu.

Palepale nilimwambia baba jambo la jina. Kwa Kihehe, lilinga ni ngome. Ngome ile haikuwa hapa, ilikuwa Kalenga, na Wajerumani wa mwanzo walipoandika Iringa kwenye ramani zao walikuwa wanamaanisha Kalenga. Mwaka 1896 ofisa wao Tom von Prince alipojenga boma jipya juu ya kilima hiki, jina likahamishwa nalo. Baba alitazama mitaa kwa muda. "Kumbe hata jina ni la kutekwa," akasema.

Jumapili asubuhi tulipita sokoni na kwenye Boma. Soko Kuu halihitaji maelezo marefu, ila usiondoke bila kikapu cha milulu. Milulu ni majani yanayoota kwenye maeneo ya majimaji, wanawake wa vijijini hapa huyasuka kwa mkono, na kikapu kizuri kinabeba nyanya miaka na miaka bila kupinda. Amkia kwanza, ndipo uulize bei. Ukisema "Kamwene" badala ya habari za asubuhi, mama muuzaji atacheka kwa furaha na ataanza kukuuliza umetoka wapi. Baba alisema Kamwene kwa lafudhi ya Kipangani na akapewa kitunguu cha nyongeza.

Boma ni jengo la mawe la wakati wa Wajerumani, na tangu 2016 ni makumbusho yanayosimamiwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Iringa. Ndani kuna historia ya Wahehe na majirani zao Wabena na wengine, zana za nyumbani, ngoma, picha za zamani. Nenda hapa kabla ya Kalenga, si baada. Boma linakupa majina na nyakati, ili ukifika Kalenga usiwe na kazi ya kuuliza nani ni nani. Kwa ufupi ni hivi: Munyigumba aliunganisha koo za Wahehe zikawa dola moja, akafa 1879. Mwanawe Mkwavinyika, ambaye sisi tunamwita Mkwawa, akashika nchi baada ya mvutano mkali wa kurithi. Alijenga ngome ya mawe Kalenga. Akashinda Lugalo 1891. Wajerumani wakarudi Oktoba 1894 na mizinga, wakaibomoa Kalenga. Mkwawa akaponyoka, akaingia porini, na kwa karibu miaka minne watu wake walimficha na kumlisha huku wakichomewa vyakula na kupokonywa ng'ombe. Mpangile, ndugu yake, Wajerumani walimsimika utawala mwishoni mwa 1896, na miezi michache tu baadaye wakamnyonga kwa kumshuku kuwa anamsaidia kaka yake.

Barabara ya Kalenga ndiyo hiyohiyo ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kijiji ni cha kawaida kabisa, mahindi, mbuzi, bodaboda chini ya mti. Usitegemee kuona ngome. Kilichobaki ni vipande vya ukuta na mahali ambapo mwenyeji atakuonyesha kwa mkono: hapa ukuta ulipita, kule ndiko mizinga ilikopigia. Ule mlima waliopigia sasa una misheni ya Wakatoliki, Tosamaganga, na jina hilo kwa Kihehe ni kutupa mawe. Watu huku wanasimulia kuwa ndiyo mabomu yenyewe, mawe yaliyotupwa kutoka juu.

Jumba la makumbusho ni dogo. Nje kuna makaburi ya ukoo, pamoja na la Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Ndani kuna mikuki, ngao, marungu, bunduki. Na katikati, ndani ya kasha la kioo, fuvu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya baba, nikasahau kujiandaa mwenyewe. Miaka mitatu nimeandika jina lile kwenye karatasi za mitihani. Pale mbele yangu palikuwa na kitu kidogo, cha rangi ya udongo, kinachotosha viganja viwili. Kichwa cha mtu.

Mzee aliyetuongoza alisimulia polepole, na mimi nikaongezea niliyosoma. Tarehe 19 Julai 1898, doria ya Kijerumani iliyoongozwa na sajini Merkl ilikaribia alipojificha, Mkwawa akajipiga risasi asikamatwe hai. Wakakikata kichwa wakampelekea Prince, kikaishia Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, madai ya kukirudisha yaliingizwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, Ujerumani ikapewa miezi sita. Kilirudi tarehe 19 Juni 1954. Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu ya watu wetu yalikuwa yamejaa makabatini, likachaguliwa hili kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya ndugu zake na kwa alama ya risasi. Wapo wasomi wanaohoji kama ndilo lenyewe. Mimi nimeona jinsi wazee wa Kalenga wanavyoingia kwenye chumba kile, wanavyoshusha sauti, na sijawahi kuhisi kwamba ni kazi yangu kuwahoji.

Kisha nikamwambia baba jambo ambalo nilikuwa nimelihifadhi kwa ajili yake. Kifungu kile cha 246 kina madai mawili tu. La pili ni fuvu la Mkwawa. La kwanza ni Msahafu wa Khalifa Uthman, uliochukuliwa Madina na Waturuki, ambao Ujerumani ilitakiwa kuurudisha kwa mfalme wa Hijazi. Kichwa cha Mhehe na Msahafu wa Madina, kwenye aya mbili zinazofuatana, kwenye mkataba uliotiwa saini Ufaransa.

Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akaweka mkono kifuani akakaa hivyo mpaka mzee mwongozaji alipoanza kuzima taa.

Ukiwa na nafasi, endelea na barabara ileile mpaka Mlambalasi. Jumla ni kama kilometa 50 kutoka mjini, vumbi, nchi inazidi kukauka, miombo na miiba, kisha unakunja kando kuelekea kwenye mawe makubwa. Ni mahali penye historia ndefu kuliko Mkwawa, kwani watafiti wa mambo ya kale wamechimba chini ya mwamba wake wakakuta zana na mifupa ya watu wa zama za mawe. Lakini sisi tulifuata kaburi. Hapa ndipo alipojiua, na hapa ndipo ulipozikwa mwili wake usio na kichwa.

Baba ni mtu wa vipimo. Alilitazama kaburi kutoka mwanzo hadi mwisho kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata. Akamuuliza dereva wetu kutoka Kalenga mpaka hapa ni mwendo wa muda gani. Karibu saa, mzee. "Kwa gari," baba akasema. Akaenda kukaa kwenye jiwe kivulini, akavua viatu akavikung'uta vumbi, na hakusema tena mpaka tulipofika mjini kwa sala ya magharibi.

Hii ndiyo sababu nasema Mlambalasi isikosekane kama una uwezo wa kufika. Anayeishia Kalenga amekiona kitu cha makumbusho. Anayekwenda na kurudi kati ya fuvu na kaburi, kwenye vumbi lile, kiti cha nyuma cha Noah, mwili wake wenyewe unaelewa kilichofanyika. Nimewapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu mara nne sasa. Darasani ni watoto wa kelele. Kwenye ile barabara ya kurudi huwa wametulia, na si kwa uchovu peke yake.

Kuna Isimila pia, kilometa kama 20 kutoka mjini upande wa barabara ya Mbeya, nguzo za udongo zilizochongwa na maji na mashoka ya mawe yaliyochimbuliwa 1957 na 1958. Ni pazuri, watoto watapapenda, na picha zitatoka vizuri. Tosamaganga nayo ina kanisa la kale na vigae vyekundu walivyojenga wamisionari wa Konsolata kutoka Italia, na Mkatoliki atapata amani kusali pale. Nenda kama una siku ya tatu. Ukiwa na mbili tu, uziache hizo.

Jumatatu ilikuwa siku ya Lugalo. Lugalo iko upande wa Ilula, kwa hiyo ni njiani unaporudi Dar au Morogoro. Baba alikuwa na tiketi ya Muheza kupitia Chalinze, na tulikuwa tumekubaliana na wenye basi wampandishie Ilula. Dereva wetu wa Jumapili alitupeleka mapema.

Pana mnara walioujenga Wajerumani kwa ajili ya watu wao waliokufa. Pembeni ni nchi ya vichaka na mawe, na barabara kuu haiko mbali, unayasikia malori. Nilimwonyesha baba jinsi ilivyokuwa: msafara umejinyoosha mmoja nyuma ya mwingine, mizinga imebebwa, haijaunganishwa, Wahehe wamelala kwenye majani pande za njia. Mlio mmoja wa bunduki, kisha mikuki. Kwa muda mfupi sana ilikuwa imekwisha. Wajerumani kumi walikufa na Zelewski akiwa mmoja wao, na askari wao weusi zaidi ya 200. Wahehe nao walizika wengi.

Nilidhani baba atafurahi. Alikuwa ameisubiri siku hii tangu ile simu, na nyuma yake kulikuwa na babu yake, na nyuma ya babu yake watu waliokuwa wamesujudu siku ile mbwa walipoingia. Na kweli alisimama mbele ya ule mnara kifua mbele. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayefikisha salamu alizotumwa: "Sisi ni watu wa Pangani."

Halafu akanigeukia. "Hao askari walikuwa nani?"

Nikamwambia wengi walikuwa Wasudani, waliokodiwa kutoka Misri, na wengine waliletwa kutoka Msumbiji.

"Waislamu?"

Wasudani, ndiyo, wengi wao.

"Na mizigo nani alibeba?"

Wapagazi, baba. Walikufa wengi nao.

"Wapagazi wa wapi?"

Aliniuliza akijua jibu. Wapagazi wa safari za Wajerumani siku zile walitoka pwani na bara, popote palipopatikana mtu wa kubeba kwa ujira. Huenda palikuwa na mtu wa Pangani kati yao. Huenda palikuwa na mtu aliyekuwa msikitini siku ile, akaja kubeba mzigo wa mtu yuleyule kwa sababu nyumbani kulikuwa kumechomwa na watoto wanataka kula. Majina yao hayapo kwenye jiwe lolote.

Baba aliuacha mnara akaingia hatua chache kwenye majani, upande ambao hapakuwa na alama yoyote. Akaelekea kibla. Akainua mikono akawasomea Fatiha, na akaomba dua ndefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiomba mazikoni kwetu. Wahehe waliokufa wakilinda nchi yao aliwataja. Wasudani aliwataja. Wapagazi aliwataja mara mbili. Mimi na dereva, ambaye ni Mlutheri wa Kihesa, tulisimama nyuma yake. Dereva alikuwa amevua kofia.

Ilula tulingojea basi karibu saa nzima. Baba alinunua nyanya akazipanga mwenyewe ndani ya kikapu chake cha milulu, ngumu chini, zilizoiva juu, na kile kitunguu cha nyongeza akakiweka mfukoni mwa koti. Alipopanda alikaa dirishani, ingawa nilimwambia upande ule jua la mchana litampiga. Ndio upande wa kuiona Kitonga vizuri wakati wa kushuka, alisema, wakati wa kuja ilikuwa usiku.

Basi ukija, gari la Kalenga, Mlambalasi na Lugalo patana bei ya safari yote kabla hamjaondoka mjini. Beba maji na chakula cha Mlambalasi, huko hakuna duka. Na Lugalo mwambie dereva mapema kwamba utashuka na kukaa, kwa sababu wengi wao wamezoea kuwaonyesha wageni kwa kidole huku gari linatembea.